Bei ya siku gani? Uchambuzi wa somo moja la JavaScript ambalo tunafundishwa nusu

Kati ya maswali ambayo vijana wanaoanza JavaScript wanauliza, kuko moja lenye jibu fupi sana: namna gani ya kupitisha argumenti ya ziada kwa fonksio ambayo inangojea kliki? Jibu lake linazunguka kila mahali, katika PDF ambazo tunatumiana kwa WhatsApp, katika video, katika mafunzo ya wikendi. "Weka fonksio yako ndani ya fonksio ingine, itatembea." Na kweli, inatembea. Mimi sisemi kwamba jibu ni la uongo. Ninasema ni nusu ya somo, na ile nusu ambayo imebaki nje ndiyo inagusa feza ya watu.

Najua wengine watauliza: agronome anatafuta nini mu mambo ya programu? Ni hivi. Ushirika wa wakulima hapa kwetu ukitaka ukurasa mdogo wa kuhesabu bei ya magunia, hauwezi kulipa injinia atoke Kinshasa. Unaita kijana mwenye licence na ordinateri. Licence ya nini, hakuna mtu anauliza. Basi sisi ndio tunaandika hizo kurasa, na masomo yale tunayokamata haraka haraka kwa mega chache ndiyo yanaingia ndani ya hesabu ya mama anayeuza muhogo. Ndio maana somo hili linastahili kuchambuliwa kama vile tungechambua kitabu cha mbegu.

Tuanze na mfano, na tuubakize mpaka mwisho. Ukurasa wetu uko na butoni tatu: muhogo, mahindi, maharagi. Mtu anaandika kilo, anagusa butoni, ukurasa unaonyesha bei. Kwa Ariwara, bei inaweza kusemwa kwa shilingi za Uganda, kwa faranga za Congo, ao kwa dola, na kila mtu anajua kiwango cha kubadilisha kinaweza kuhama kabla soko halijafungwa. Tuseme fonksio yetu inaitwa hesabu, na inahitaji kujua bei ya kilo moja. Mwanafunzi anaandika hivi, na namba ni ya mfano tu:

butoni.addEventListener("click", hesabu(2000));

Anagusa butoni. Hakuna kitu. Anagusa tena. Hakuna kitu. Na kibaya zaidi, navigateri haimuonyeshi kosa lolote. Juu ya nini? Juu zile alama za mabano nyuma ya jina hesabu ni amri ya kufanya kazi sasa hivi. Fonksio ilifanya kazi yake wakati ukurasa ulikuwa unafunguka, mbele mtu hajagusa kitu. Kisha navigateri ilipewa jibu la ile kazi, na kwa kuwa fonksio yetu hairudishi kitu, ilipewa utupu. Kanuni za navigateri zinakubali utupu pahali pa msikilizaji: haziandikishe mtu yeyote, na zinanyamaza.

Ni sawa na kumuachia mwenye duka namba yako ya simu ili akuite mzigo ukifika. Kuandika hesabu bila mabano ni kuacha namba. Kuandika hesabu(2000) ni kujiita wewe mwenyewe palepale, kisha kwenda nyumbani bila kuacha namba yoyote. Hakuna mtu atakuita.

Hapo ndipo lile jibu fupi linaingia:

butoni.addEventListener("click", () => hesabu(2000));

Sasa tumepatia navigateri fonksio ndogo isiyo na jina. Siku ya kliki, navigateri inaita ile ndogo, na ile ndogo inaita hesabu na kuipatia 2000. Mwalimu anasema "mmeona?", wote wanasema "ndiyo", na tunapita kwa somo lingine.

Mimi ningesimama hapo. Juu swali la mwanafunzi lilionekana kuwa swali la namna ya kuandika, lakini sivyo. Liko maswali tatu yaliyofichwa ndani ya moja. La kwanza: nani atakumbuka hii bei mpaka kliki ifike? La pili: atakumbuka bei ya siku gani, ile ya wakati tuliandikisha msikilizaji, ao ile ya wakati wa kliki? La tatu: siku tukitaka kumfuta huyu msikilizaji, tutamtambua namna gani? Somo la kawaida halijibu hata moja. Linatoa mistari tatu ao ine ya kodi, linasema zote ni sawa, chagua ile unapenda. Hazifanane hata kidogo, na nitaonyesha.

Tuchukue swali la kwanza. Mwanafunzi mwenye akili hataandika mistari tatu kwa mkono. Atazunguka orodha ya bidhaa, hivi:

for (var i = 0; i < bidhaa.length; i++) {
  var bei = bidhaa[i].bei;
  butoni[i].addEventListener("click", () => hesabu(bei));
}

Amefuata somo vizuri: fonksio ndani ya fonksio. Anafungua ukurasa, anagusa muhogo, na anapata bei. Ni bei ya maharagi. Anagusa mahindi, bei ya maharagi tena. Hakuna kosa lililoandikwa kwenye ekra, hakuna rangi nyekundu. Kuko namba tu, namba nzuri kabisa, ila si yake. Kama maharagi iko na bei ya juu kuliko muhogo, mnunuzi analipa zaidi. Kama orodha ilipangwa kinyume, ni mama wa maharagi anapoteza.

Sababu ni hii: fonksio ndogo haibebi namba. Inabeba njia ya kufikia variabli. Na variabli iliyotangazwa kwa var ni moja tu kwa mzunguko mzima. Fonksio tatu zote zinaangalia ndani ya kikapu kimoja, na kliki ikifika, kikapu kile kiko na kitu cha mwisho kilichowekwa. Badilisha lile neno var la pili uandike const, na mambo yote yanakaa sawa, kwa sababu const inazaliwa upya kila duru ya mzunguko: kila fonksio inapata kikapu chake. Maneno let na const yaliingia katika lugha mwaka 2015, pamoja na ile alama ya mshale tunayotumia. Mbele ya hapo watu walikuwa wanalazimika kutengeneza fonksio ya kuzaa fonksio, ili kila msikilizaji apate variabli yake. Lakini bado kuna PDF za zamani zinazotembea kutoka telefone mpaka telefone, zenye var kila mahali, na mtu anachanganya nusu ya zamani na nusu ya leo. Somo ambalo linafundisha mshale bila kufundisha kile mshale unabeba linamtuma mwanafunzi mu mtego huu moja kwa moja.

Swali la pili ndilo ninaona zito zaidi, na ndilo lenye kusahauliwa kabisa. Masomo mengi yanatoa jibu lingine pembeni ya mshale, nalo ni bind:

butoni.addEventListener("click", hesabu.bind(null, bei));

Yanasema: "Ni namna ingine ya kufanya kitu kilekile." Hapana. Bind, ambayo iliingia katika kanuni za lugha mwisho wa 2009, inasoma bei palepale, wakati mstari unapita, na inaifunga ndani ya fonksio mpya. Mshale hausomi kitu mpaka kliki ifike. Kama variabli bei ikibaki vile ilivyokuwa, hautaona tofauti yoyote, na ndio maana mwalimu anaweza kumaliza mafunzo bila kuiona. Lakini weka pale kiwango cha shilingi na dola, ambacho ukurasa unarekebisha saa sita ya mchana. Yule aliyetumia bind ataendelea kuhesabu na kiwango cha asubuhi mpaka jioni. Yule aliyetumia mshale atahesabu na kiwango cha sasa.

Nani ako na haki? Inategemea kile uliahidi watu. Kiwango cha kubadilisha feza kinapaswa kuwa cha wakati wa kliki, hakuna mutu atakubali kiwango cha asubuhi. Lakini bei uliyomuandikia mnunuzi kwenye karatasi, ukamwambia "nitakushikia hii mpaka jioni", ile inapaswa kufungwa, hata soko ikipanda. Kwa hiyo kuchagua kati ya mshale na bind si mambo ya ladha. Ni kuamua bei ya siku gani inahesabika. Huo ni uamuzi wa biashara, na unafanywa na kijana ambaye anafikiri anachagua namna ya kuandika tu. Sisi watu wa shamba tunaelewa tofauti hii kwa fomu za uchunguzi: kila mtu aliyekusanya data ya mémoire na KoboCollect anajua kwamba saa ya kufungua fomu na saa ya kuimaliza ni vitu viwili, na fomu inaweza kuziandika zote mbili, kila moja kwa jina lake. Hakuna mtu angekubali mtu amwambie kwamba ni kitu kimoja.

Niongeze tahadhari ndogo kwa wale wanaopenda bind. Argumenti unazofunga zinatangulia, na tukio lenyewe linakuja nyuma yao. Na kama kile ulichofunga si namba bali ni objekti, umefunga njia ya kuifikia tu: mtu akibadilisha bei ndani ya ile objekti, fonksio yako itaona bei mpya. Kufunga mfuko hakuzuie mtu aliye na ufunguo kubadilisha kilicho ndani.

Swali la tatu: kufuta. Ili kumuondoa msikilizaji, navigateri inakuomba umuonyeshe fonksio ileile uliyoandikisha. Si fonksio inayofanana nayo, ileile. Lakini kila mara mshale unapoandikwa na kupitiwa, fonksio mpya inazaliwa, na bind vilevile. Ukiandika removeEventListener na mshale mwingine wenye maneno yaleyale, haufuti kitu, na tena navigateri inanyamaza.

Matokeo yake ni mabaya kuliko vile yanasikika. Navigateri iko na ulinzi mzuri: ukiandikisha fonksio ileile mara mbili kwa tukio lilelile, ile ya pili inatupwa. Lakini ukiandikisha mishale miwili, kwake ni wasikilizaji wawili tofauti. Sasa fikiria ukurasa ambao unajichora upya kila mara mtu akibadilisha kilo, na kila mara unaandikisha mshale mpya juu ya butoni ileile ya kulipa. Mtu amebadilisha kilo mara tatu, anagusa "lipa" mara moja, na ombi la malipo linatoka mara tatu. Mimi ninauliza: kati ya masomo yote yanayosema "itatembea", ni ngapi zinamwambia mwanafunzi kwamba ule mshale umemnyang'anya ule ulinzi? Dawa iko, na si ngumu. Weka fonksio ndogo ndani ya variabli yenye jina, uandikishe lile jina, na utafuta kwa jina lilelile. Ao utumie chaguo la once, ambalo linafuta msikilizaji peke yake nyuma ya kliki ya kwanza. Mistari miwili ya maelezo ingetosha.

Kuko njia mbili zingine ambazo masomo yanaziacha nyuma, na ninaona zinastahili nafasi bora.

Ya kwanza ni kuweka bei juu ya butoni yenyewe, kama etiketi juu ya mfuko wa mbegu. Katika HTML unaandika data-bei="2000", na fonksio moja tu inatumikia butoni zote: kliki ikifika, inaangalia event.currentTarget.dataset.bei. Hapa hakuna mshale, hakuna kikapu cha pamoja, na fonksio iko na jina, basi inafutika. Kwa ukurasa wenye bidhaa nyingi, mimi ningeanza na hii. Lakini iko na miiba yake. Etiketi ni maandishi, si namba: ukijumlisha bei "2000" na 500 ya usafiri, unapata 2000500, na mtu anaweza kukimbia soko. Lazima kuigeuza kwanza kwa Number. Mwiba wa pili ni kuandika target pahali pa currentTarget: kama butoni iko na picha ndani na kidole kikagusa picha, target ni ile picha, nayo haina etiketi. Mwiba wa tatu ni kwamba mtu yeyote anayejua kufungua vyombo vya navigateri anaweza kubadilisha etiketi. Kwa kuonyesha bei, hakuna shida. Kwa kulipisha, bei ya kweli inapaswa kukaa kwa serveri.

Ya pili ni objekti yenye fonksio inayoitwa handleEvent. Watu wengi hawajui kwamba addEventListener inakubali objekti pahali pa fonksio. Iko katika kanuni za matukio za W3C tangu mwezi wa 11 mwaka 2000. Unatengeneza objekti yenye bei, yenye kiwango, yenye jina la bidhaa, na yenye handleEvent. Kliki ikifika, navigateri inaita handleEvent, na ndani yake neno this ni ile objekti yote, na mizigo yake yote. Unataka kubadilisha bei? Badilisha ndani ya objekti. Unataka kufuta? Objekti iko na jina, onyesha ileile. Maswali yote tatu yanapata jibu wazi: nani anakumbuka, ya siku gani, na namna ya kufuta. Kwa mimi, hii ndiyo njia inayofundisha zaidi, hata kama mwishoni mtu atarudi kwa mshale juu ni mfupi.

Sasa wengine wanatupa lawama kwa lugha yenyewe. Wanasema: setTimeout inakubali argumenti za ziada, unaziandika tu nyuma ya muda, na inazipitisha. Jquery, ambayo John Resig aliitoa mwaka 2006, inakuachia kuweka data yako na kuipata ndani ya event.data. Basi kwa nini addEventListener inatunyima? Hapa mimi ninawatetea waliotengeneza. Butoni moja inaweza kuwa na wasikilizaji wengi, walioandikwa na watu ambao hawajuani. Navigateri inajua kitu kimoja tu: nini imetokea, wapi, saa gani. Inawapatia wote tukio lilelile. Bei ya muhogo si kazi yake. Lugha ambayo fonksio zake zinaweza kubeba mazingira yao haihitaji mlango mwingine wa kupitishia mizigo. Kwa hiyo chombo kiko sawa. Kile ninachambua ni namna tunakifundisha, kama kwamba kile kinachobebwa hakina uzito.

Na kama mtu anaona haya ni mambo madogo ya butoni, tutoke mu navigateri tuende Nairobi, kwa malipo ya simu. Kule swali hili lilelile linarudi, na hakuna mshale wa kutuokoa.

M-PESA ilianza Kenya mwezi wa 3 mwaka 2007. Miaka kumi nyuma, Safaricom ilifungulia maprogrameri mlango unaoitwa Daraja, ili duka la intaneti liweze kuomba malipo moja kwa moja kwenye simu ya mnunuzi. Inaenda hivi: duka linatuma ombi lenye kiasi, namba ya simu, kumbukumbu ya duka inayoitwa AccountReference, na anwani ya kurudishia jibu. Mnunuzi anaona dirisha kwenye simu yake, anaingiza PIN. Kisha M-PESA inaita ile anwani na kuleta matokeo. Angalia vizuri: ile anwani ni msikilizaji wa tukio. Umeacha namba, unangoja kuitwa.

Mtu aliyezoea "itatembea" anafikiri: nitaweka namba ya oda yangu ndani ya AccountReference, na jibu litanirudishia. Halirudishi. Matokeo ya malipo yanakuja na CheckoutRequestID, namba ya matokeo, maelezo yake, na, kama malipo yamefaulu, kiasi, namba ya risiti, tarehe na namba ya simu. Ile kumbukumbu yako haimo. Argumenti ya ziada imebaki kwako.

Basi watu wanatafuta njia. Wengine wanalinganisha namba ya simu na kiasi: aliyelipa 500 ni yule aliyeagiza vitu vya 500. Lakini mnunuzi mmoja anaweza kuwa na oda mbili za bei moja. Na kama mnunuzi ameghairi kwenye simu, matokeo 1032, jibu halileti kiasi wala namba ya simu. Utajua mtu ameghairi, hautajua nani. Wengine wanaweka namba ya oda ndani ya anwani yenyewe, kama etiketi juu ya butoni. Inafanya kazi, lakini etiketi ile iko nje: mtu akijua anwani, anaweza kuita serveri yako na kusema "oda hii imelipwa", na kama haukuweka ukaguzi mwingine, utatoa mzigo bure. Wengine wanabakiza oda katika kumbukumbu ya serveri, ndani ya fonksio, kama mshale wetu. Umeme ukikatika kati ya ombi na jibu, kumbukumbu inakufa, na jibu linakuta nyumba tupu.

Njia nzuri ni ya polepole. Daraja ikishapokea ombi lako, inakurudishia CheckoutRequestID palepale. Uiandike mara moja ndani ya hifadhi ya data, pembeni ya namba ya oda na bei uliyoahidi. Jibu likifika, tafuta ile namba, soma oda, linganisha kiasi. Nani anakumbuka? Hifadhi, si kumbukumbu ya programu. Bei ya siku gani? Ile iliyoandikwa wakati wa ombi. Namna ya kufunga? Unaandika kwamba oda imekwisha, na jibu lingine la namba ileile halifungui tena. Ni maswali yale tatu ya butoni ya muhogo. Mtu aliyeyajibu kwa butoni hatapotea mbele ya Daraja. Yule aliyejifunza mshale kama dawa tu, ataufikia mlango huu na mikono mitupu. Na vijana wa kwetu, ambako watu wanalipana kwa Airtel Money, Orange Money na M-Pesa ya Vodacom, wataombwa kazi ya namna hii, kama hawajaombwa tayari.

Kwa wale wanaofundisha wenzao, mimi ninaomba kitu kidogo tu. Usianze na mshale. Andika kwanza ule mstari wenye mabano, ambao unanyamaza, na uliza darasa: nani ameita fonksio, na saa gani? Kisha toa mshale. Kisha andika mzunguko wenye var, uache bei ya maharagi itoke kwa butoni ya muhogo, na uliza: nani alikumbuka nini? Kisha badilisha kiwango cha dola katikati, weka mshale na bind pembeni, na uliza: bei ya siku gani? Mwisho jaribu kufuta msikilizaji, na uone kama anakwenda. Hiyo ni saa moja ya mafunzo, hata kwa telefone, bila intaneti, juu navigateri yoyote inafanya kazi hiyo bila mega hata moja.

Na wewe unayejifunza peke yako: mtu akikwambia "itatembea", mkubalie, kisha muulize mpaka lini, na kwa bei gani. Kama hana jibu, amekupatia kodi, somo bado.

Mjadala uko wazi hapa chini. Wenye kutumia njia ingine kwa kurasa za ushirika, hasa wale walioshughulika na malipo ya simu, waandike: mlibakiza wapi ile argumenti ya ziada, na nini ilitokea siku umeme ulikatika?